Kabla Ununue Betri Nyingine, Jua Stata Ilitoka Wapi

Ukisema tu gari yako inasumbua kuwaka asubuhi, kila mtu anakuwa fundi. "Hiyo ni betri, nunua ingine." Jirani yangu anabeba mboga na Probox. Alinunua betri mbili mwaka mmoja kwa ushauri kama huo, na gari bado ilikuwa inajivuta. Shida ilikuwa waya mweusi unaofunga betri na bodi, ulikuwa umeoza ndani. Pesa ya stoki ilikuwa imeshaenda.

Mimi naona hii inatokea kwa sababu hatujui stata ni kitu gani. Wacha turudi nyuma kidogo.

Magari ya kwanza yaliwashwa kwa mkono. Ulisimama mbele, ukachomeka hendeli ya chuma, ukazungusha injini. Cheche ikiruka mapema kabla pistoni haijafika juu, injini ilirudi kinyume na hendeli ikakupiga. Watu walivunjika mikono hivyo. Dereva alifunzwa asizungushie kidole gumba kwenye hendeli, ndiyo ikirudi imtoke tu.

Huko Marekani, Henry Leland, mkubwa wa Cadillac, alitaka hendeli iishe. Kazi ikamwendea Charles Kettering wa Delco, mji wa Dayton, Ohio. Wengi waliamini mota ya kuzungusha injini lazima iwe kubwa mno, haitatoshea kwa gari. Lakini Kettering alikuwa ametengeneza mashine za pesa za dukani zinazotumia mota ya umeme, na hapo ndipo alijua siri: mota ndogo inaweza kubeba mzigo unaoizidi, bora iwe ni kwa sekunde chache. Cadillac za 1912 zikatoka na stata ya umeme. Ford Model T, gari ya mwananchi, iliingoja mpaka 1919.

Siri hiyo ndiyo iko chini ya boneti yako mpaka leo. Stata ni mota ndogo inayokunywa umeme mwingi, ampea mia na zaidi, kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana fundi anayeshikilia ufunguo nusu dakika anakuchomea stata. Sekunde kumi zinatosha, halafu ipumzike. Na ndiyo maana terminali iliyolegea au yenye ule unga mweupe inaweza kuzima gari yenye betri nzima kabisa. Taa na redio zinaridhika na umeme kidogo, stata hairidhiki.

Kwa hivyo sikiliza kwanza. Ikipiga ka-ka-ka-ka haraka haraka, umeme haufiki wa kutosha: angalia terminali, kisha betri. Ikipiga "ka!" moja nzito halafu kimya, shuku stata au nyaya zake. Ikizunguka vizuri lakini haishiki, wachana na betri kabisa, hapo unatafuta mafuta na cheche. Washa ufunguo bila kupiga stata. Gari nyingi za petroli utasikia pampu ikinguruma kidogo upande wa nyuma. Kimya? Anza na fyuzi ya pampu.

Mita ya volti si ghali, nunua kabla ya betri. Betri nzuri iliyolala usiku husoma kama 12.6. Mtu akipiga stata na ikaanguka chini ya 9.6, hiyo betri imechoka au haina chaji. Ikibaki juu ya 10 na injini bado inajivuta, fuata nyaya na stata. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, alternata haichaji, na hata betri mpya italala tu.

Na kusukuma? Kwa gari ya gia za mkono, sawa, achilia klachi ukiwa gia ya pili. Otomatiki ni hadithi ingine. Kwa nyingi, pampu ya oili ya giaboksi inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hivyo injini ikilala, magurudumu hayawezi kuizungusha. Vijana wa steji watakusukumia Vitz otomatiki mpaka Thika na bado watadai pesa yao. Hapo omba jampa, nyekundu kwa nyekundu kwanza.