Zawadi ya mgeni (Unyanyembe)

Zawadi ya mgeni ilikuwa takrima ya mwenyeji kwa misafara iliyofika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, katika karne ya 19. Tukio moja linalojulikana ni la Novemba 1857: Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyeishi Kazeh, huko huko Unyanyembe, aliwapokea wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, akawapelekea mbuzi na ng'ombe, akawatunzia mizigo yao.

Nguo nazo zilikuwa kama fedha ya misafara hiyo. Merikani na kaniki zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne shuka, minane doti. Mkono mrefu ulikuwa faida ya mpokeaji, na mabishano hayakukosekana.

Ukarimu wa Kazeh ulitofautiana na ule wa kadi ya taroti ya Sita ya Sarafu, iliyochorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa 1909, ambamo tajiri anashika mizani huku akiwadondoshea sarafu maskini wawili waliopiga magoti. Kazeh hakuna aliyepiga magoti. Aliyekirimiwa alikuwa na bunduki, wapagazi na bidhaa, na mwenyeji alikuwa mfanyabiashara. Ukarimu huo, ingawa wa kweli, ulikwenda sambamba na biashara ya pembe na ya watumwa.