Amana ya Mwalimu Sikujua: Kazi na Wajibu wa Wahifadhi wa Tungo za Muyaka

Historia ya ushairi wa Kiswahili aghalabu huandikwa kwa majina ya watunzi, na majina ya waliozihifadhi tungo huachwa pembeni. Hali mtunzi aliyekwisha kufariki hana sauti ila ile aliyotunziwa na mhifadhi. Mashairi ya Muyaka bin Haji ni ushahidi wa jambo hilo.

Muyaka (yapata 1776–1840) aliishi Mombasa katika zama za mapambano baina ya Wamazrui na Seyyid Said wa Oman, yaliyokoma mwaka 1837 kwa kuanguka utawala wa Wamazrui. Mengi katika mashairi yake yalizaliwa na mambo ya siku zile: vita, siasa za mji, mapenzi, na majibizano na washairi wa Lamu. Yalienea kwa vinywa vya watu, na maana yake ilieleweka kwa kuwa tukio lenyewe lilijulikana. Ilipofika miaka ya 1880, kizazi kilichoyashuhudia matukio hayo kilikuwa kinakwisha.

Hapo ndipo thamani ya kazi ya Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa, inapodhihirika. Aliyakusanya mashairi kwa waliokuwa wakiyakumbuka bado, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na akamsaidia mmishenari William Taylor kuyafahamu na kuyafafanua. Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi za Taylor hatimaye ziliwekwa London, katika maktaba ya Chuo cha Taaluma za Mashariki na Afrika. Kutokana na hazina hiyo William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka 1940.

Laiti Sikujua angalinakili tu bila ya kueleza, hasara ingalikuwa kubwa. Katika mwandiko wa zamani, alama moja ya irabu ilitumika kwa i na e, na nyingine kwa u na o. Herufi ba nayo iliweza kuwa b, p au mb. Neno moja lililoandikwa vivyo hivyo huweza kusomwa pita au peta. Anayelitatua si mjuzi wa herufi peke yake, bali mjuzi wa Kimvita na wa kisa kilicholeta shairi.

Kwa hiyo wajibu wa mhifadhi ni wa namna tatu: kukusanya, kunakili na kueleza. Wa tatu ndio upoteao upesi, kwa sababu haukai katika karatasi mpaka uandikwe kwa makusudi. Mohamed H. Abdulaziz, katika kitabu chake juu ya Muyaka kilichotolewa Nairobi mwaka 1979, aliutimiza wajibu huo kwa kuyarudisha mashairi katika historia ya mji uliyoyazaa.

Leo miswada hupigwa picha na kusambazwa kwa wepesi. Hilo ni jema, lakini picha huhifadhi wino, haihifadhi usomaji. Idara ya lugha inayopokea nakala bila ya kurekodi jinsi wazee wa lahaja husika wanavyozisoma na kuzifasiri imepokea nusu ya amana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari la ushairi ni maelezo yake.