Tembe pekee haziponyi usaha kwenye jino la kupandikizwa

KATIKA Nakuru na maeneo mengine ya kati ya Bonde la Ufa, meno yenye madoa ya kahawia ni jambo la kawaida. Madoa hayo husababishwa na madini ya floraidi, ambayo ni mengi katika maji ya visima kutokana na miamba ya volkeno. Si maambukizi, na hakuna dawa ya kuua bakteria inayoweza kuyaondoa.

Hali ni tofauti kwa mtu aliyepandikizwa jino bandia. Ufizi unaovimba, kutoka damu au usaha kando ya jino hilo huashiria maambukizi ya bakteria. Yakipuuzwa, mfupa wa taya huliwa hadi jino likalegea.

Jino hilo hushikiliwa na skurubu ya titani iliyokazwa ndani ya mfupa, mbinu iliyoanza kutumiwa kwa binadamu nchini Uswidi mwaka 1965 na Per-Ingvar Brånemark. Titani haiozi, lakini bakteria hujenga utando juu yake, na waliojificha ndani ya utando huo hawafikiwi kwa urahisi na dawa.

Ndiyo sababu mgonjwa anayejinunulia amoksilini au metronidazoli dukani huenda akapata nafuu kwa siku chache, kisha usaha ukarejea. Wakati huo mfupa huzidi kupungua.

Tiba ya kwanza ni daktari wa meno kuuondoa utando huo. Ikiwa ni ufizi tu ulioathirika, usafishaji aghalabu hutosha. Iwapo eksirei itaonyesha kuwa mfupa umeliwa, huenda upasuaji ukahitajika. Mwongozo wa wataalamu wa fizi barani Ulaya wa mwaka 2023 haupendekezi dawa hizo zitolewe kwa kila mgonjwa kama desturi.

Hata hivyo, dawa hizo zina nafasi yake, hasa maambukizi yanaposambaa na kuleta homa. Uvimbe wa uso unaotatiza kumeza au kupumua ni dharura ya hospitali.

Anayedhuriwa na penisilini amjulishe daktari mapema. Kutumia dawa kiholela pia hukuza bakteria sugu.

Wavutaji sigara, wenye kisukari kisichodhibitiwa na waliowahi kuugua fizi wamo hatarini zaidi. Wao hasa wanahimizwa kupiga mswaki kila siku na kurudi kukaguliwa hata kabla ya maumivu, kwani mfupa unaweza kuliwa kimyakimya.