Namna ya kutambua tairi la lori linaloharibika safarini

Lori linaloingia Lilongwe kutoka bandari ya Dar es Salaam huwa limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 1,500 kabla ya kufika Kanengo, eneo la viwanda lililo kaskazini mwa jiji. Malawi haina bahari, kwa hiyo mbolea, mafuta na bidhaa za madukani huifikia kupitia nchi jirani, na sehemu kubwa huja kwa barabara. Baadhi ya mizigo hiyo huiacha barabara kuu ya M1 wilayani Dowa na kuelekea Dzaleka, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000 hadi 12,000, ambayo leo ina wakazi zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mahindi, saruji, mbao, mabati: vyote hivyo hufika pale juu ya magurudumu.

Watu nao husafiri hivyo hivyo. Nauli ya basi inapoushinda mfuko, wengi hupanda matola, yaani pikapu au lori linalochukua abiria juu ya mizigo. Kwa abiria wa namna hiyo hakuna kiti wala mkanda, na tairi likipasuka gari likayumba, hana cha kushika. Ndiyo maana makala haya hayamhusu dereva peke yake. Mara nyingi aliye nyuma ndiye wa kwanza kusikia kwamba mambo si shwari.

Dereva na tairi lililo mbali

Katika gari dogo, pancha hujitangaza yenyewe: usukani huvuta, gari huinama, dereva husimama. Lori lenye tela ni jambo jingine. Kati ya kiti cha dereva na ekseli ya mwisho pana mita kumi na zaidi, injini inanguruma, na magurudumu ya nyuma yamefungwa mawili mawili kila upande. Moja likiishiwa upepo, mwenzake hulibebea mzigo. Gari haliinami kwa kiasi cha kuonekana, na dereva anaweza kuendelea kwa saa nzima asijue lolote.

Hatari inaanzia hapo. Tairi lenye upepo pungufu hukunjwa na kukunjuliwa ubavuni kila linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto. Joto huulegeza mpira na kuzichosha nyaya za chuma zilizo ndani yake. Wakati huohuo tairi la pili, lililobebeshwa mzigo wa mawili, nalo linapata moto. Wataalamu wa matairi huhesabu kwamba tairi lililopungukiwa asilimia 20 ya upepo wake tayari ni tairi bovu lisilofaa kutembelewa: lile linalotakiwa kuwa na PSI 100 likibaki na 80, kwa macho linaonekana zima kabisa.

Kiswahili chetu cha mitaani kina neno moja, pancha, kwa mambo ambayo kwa hakika ni matatu. Kuna upepo kuvuja polepole, kuna tairi kupasuka kwa kishindo, na kuna ganda la juu, sehemu inayogusa barabara, kubanduka vipande vipande. Mikanda ile ya mpira mweusi inayoonekana kandokando ya M1 ni mabaki ya hilo la tatu. Wengi huyalaumu matairi yaliyovishwa ganda jipya, na lawama hiyo si ya uongo wote, ila tairi jipya lililoendeshwa bila upepo wa kutosha nalo hubanduka vilevile.

Dalili zenyewe

Sauti huja kwanza. Mlio mkubwa kama wa bunduki una maana iliyo wazi, ijapokuwa madereva wengi huusingizia gari jingine. Miongozo ya udereva wa malori nchini Marekani inashauri kinyume chake: ukisikia tairi limepasuka, chukulia kuwa ni lako, kwani gari linaweza kuchukua sekunde chache kabla ya kuonyesha athari. Mlio wa kupigapiga, pa-pa-pa, unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, aghalabu ni ganda lililoanza kubanduka na kuchapa bamba lililo juu ya gurudumu.

Mtikisiko una lugha yake. Ukija kupitia usukani, na usukani ukawa mzito au ukavuta upande mmoja, litazame tairi la mbele. Ukija kupitia kiti, au mkia wa gari ukicheza kushoto na kulia, tatizo liko nyuma. Katika kona, vioo vya pembeni huonyesha matairi ya tela yenyewe. Huo ndio wakati wa kuyatupia jicho. Moshi mwembamba, harufu ya mpira unaoungua, tela lililoegemea upande mmoja, au dereva anayekuja mbele akiwasha na kuzima taa huku akionyesha nyuma yako, vyote ni sababu ya kutosha ya kusimama. Abiria wa matola anayeona moshi asione haya kugonga bodi. Gharama ya kusimama bure ni dakika kumi.

Likipasuka la mbele

Mguu hukimbilia breki wenyewe, na hapo ndipo wengi huangamia. Breki husukuma uzito wa gari mbele, juu ya gurudumu lile lile lililokwisha kufa, na gari huvuta upande huo kwa nguvu zaidi. Shika usukani kwa mikono miwili kwa nguvu, ondoa mguu kwenye breki, liache gari linyooke na lipungue mwendo lenyewe. Likishatulia, breki nyepesi na kutoka barabarani.

Kuhusu alama za tahadhari, desturi ya kuweka matawi ya miti inaeleweka pale ambapo pembetatu hazipo. Mawe ni shari. Lori huondoka, mawe hubaki, na usiku mwendesha baiskeli huyakuta.

Joto na moto

Njia ya kutoka Karonga ina majaribu mawili. Kwanza ni joto la ukingo wa ziwa, hasa mwezi Oktoba na Novemba. Pili ni mlima wa Chiweta na kona zake kali. Anayerudi kaskazini huuteremka mlima huo akiwa kwenye breki, na joto la breki hupita kwenye rimu hadi kwenye tairi. Kwenye joto kali, miongozo hiyo ya Marekani inataka matairi yakaguliwe kila baada ya saa mbili au kilomita 160. Kwa njia hii, kusimama kabla ya Chiweta, Mzuzu na Kasungu ni kima cha chini. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila tairi. Lenye joto kuliko wenzake lina kisa. Kulipiga kwa nondo hutambua tairi lisilo na upepo kabisa, lakini hakutofautishi 100 na 75. Geji ndiyo husema kweli, na husomwa tairi likiwa limepoa. Upepo uliopanda kwa sababu ya joto usipunguzwe.

Tairi linalofuka moshi lisiingizwe sokoni Dzaleka, ambako watoto hulikimbilia kila lori. Mpira unaoungua kwa ndani hutoa gesi, na tairi linaweza kulipuka baada ya gari kusimama. Simama mbali na watu na vituo vya mafuta, watu wakae mbali, maji yawe mengi. Kizimamoto kidogo hupunguza mwali tu; mpira huwaka tena usipopozwa.

Kwa fundi

Tairi lililotembea bila upepo lisijazwe tena kabla ya kufunguliwa na kukaguliwa ndani. Nyaya zilizokatika ubavuni hazionekani kwa nje, na tairi linaweza kupasuka usoni mwa anayelijaza. Fundi asiinamie tairi linapojazwa. Asimame upande wa mbele ya ganda, mbali na ubavu. Kwenye vibanda vya Lilongwe tairi huitwa tayala, na upepo ni mphepo.

Anayenunua tairi lililotumika asome tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT ubavuni: 3519 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Muuzaji anaweza kulipaka rangi nyeusi likang'aa, lakini tarakimu hizo zimechongwa kwenye mpira.