Kasavuli hangefuta

Juzi nilirekodi video moja mara kumi na nne hapa Gatwekera. Mara pikipiki inapita, mara jirani anaita mtoto, mara ulimi wangu wenyewe unateleza. Nafuta, naanza tena. Mathe akanicheki akasema, "Kasavuli hangefuta."

Jina nililijua, stori sikuijua. Nikaisaka, na wasee, sisi tunaojiita waanzilishi tupunguze kelele.

Catherine Kasavuli aliingia Sauti ya Kenya mwaka wa 1980, akiwa na miaka 18 tu, akaanzia redioni. Enzi hizo kulikuwa na shirika moja la utangazaji nchini, la serikali. Baadaye akahamia runinga. Mwaka wa 1990 KTN ikafunguliwa, runinga ya kwanza ya kibinafsi Kenya, na huko akawa mwanamke wa kwanza nchini kusoma habari mubashara.

Mubashara, unaelewa? Neno likitoka limeshafika sebuleni kwa watu. Tena 1990, mwaka wa Saba Saba, KANU ikiwa chama pekee na Moi yuko juu. Huyo dada anakaa mbele ya kamera, ametulia, anakuangalia machoni.

Leo mwanamke akisoma taarifa ya saa tatu hakuna anayeshtuka. Kuna mtu alikaa kwenye hicho kiti kwanza mpaka macho yetu yakazoea.

Mimi niliacha chuo karo ilipokatika, na kwenye ploti naambiwa sina mbele. Sisemi shule ni bure. Nasema huyu alianza na sauti yake, akaikuza kazini mwaka baada ya mwaka. Alipita KTN, akapita Citizen, na baadaye akarudi KBC, warithi wa ile Sauti ya Kenya, kusoma tena.

Kisha saratani ya mlango wa kizazi ikamlaza. Alifariki tarehe 29 Desemba 2022 katika Hospitali ya Kenyatta, mahali tunaweza kutembea kwa miguu kutoka hapa. Alikuwa na miaka 60.

Nikamuuliza mathe kama yeye amewahi kupimwa. Akacheka, akabadilisha stori. Sikumwachilia. Jumatatu tunaenda pamoja.

Na ile video nimeiweka vile ilivyo, na pikipiki yake ndani.