Daftari la Wapiga Kura na Kesi Ambazo Mahakama Haikuzisikiliza

Katika mjadala wa uchaguzi nchini Tanzania kuna shutuma iliyozoeleka: kwamba mahakama, zinapofikiwa na mgogoro kuhusu nani aandikishwe, nani asimamie na nani atangazwe mshindi, huegemea chama tawala. Shutuma hiyo ina uzito wa pekee mpakani. Murusagamba, kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, iliyopakana na Burundi, iko katika eneo ambalo lugha za wenyeji, Kishubi na Kihangaza, zinakaribiana sana na Kirundi, na ambako ukoo, ndoa na biashara vilikuwa vikivuka kabla mpaka wenyewe haujachorwa. Mahali kama hapo swali la nani mpiga kura hugeuka upesi kuwa swali la nani raia. Hata hivyo, anayezifuatilia kesi zenyewe kwa miaka thelathini atakuta jambo ambalo shutuma hailisemi. Majaji wameamua dhidi ya serikali zaidi ya mara moja, tena katika mambo makubwa. Kasoro nzito zaidi iko katika sheria zilizofunga milango ya mahakama, hata mahakama ikabebeshwa lawama za kesi ambazo haikuruhusiwa kuzisikiliza.

Tuanze na ushahidi unaoitetea mahakama. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa 1994, ambao mgombea wa chama tawala, CCM, alitangazwa mshindi, ulitenguliwa na Mahakama Kuu kwa shauri la Dk. Amani Walid Kabourou wa chama cha upinzani, CHADEMA. Serikali ilipokata rufaa, Mahakama ya Rufani mwaka 1996 iliikataa, na upendeleo wa Radio Tanzania katika kampeni ulikuwa miongoni mwa hoja zilizozingatiwa. Mwaka 2002 mfano ulitoka mkoani Kagera kwenyewe. Julius Ndyanabo, mgombea wa Nkenge katika uchaguzi wa 2000, alipinga sharti la kuweka shilingi milioni 5 kama dhamana kabla malalamiko ya uchaguzi hayajasikilizwa. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta ilitamka kuwa sharti hilo linakiuka Katiba, kwa kuwa linamfungia mwenye haki njia ya kuidai. Desemba 2012 mahakama hiyohiyo ilimrudishia Godbless Lema wa CHADEMA ubunge wa Arusha Mjini, na Desemba 2022 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kilichowanyima kura wafungwa wenye adhabu ya zaidi ya miezi sita. Taasisi iliyojaa upendeleo mtupu isingetoa hukumu hizi.

Mbona basi shaka haiishi? Jibu limo ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 74(12) inazuia mahakama yoyote kuchunguza jambo lililofanywa na Tume ya Uchaguzi katika kutekeleza kazi zake, na Ibara ya 41(7) inazuia kuhoji uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikwisha kusema, Julai 2020 katika shauri la Jebra Kambole, kwamba zuio hili la pili linakiuka Mkataba wa Afrika. Mlango ukifungwa kwa maandishi ya sheria, mwananchi anayegeuzwa pale nje haoni ibara. Anaona jengo la mahakama, na lawama anaitupa huko.

Huku chini kwenye daftari, hali ni nyeti zaidi. Pingamizi dhidi ya jina la mtu huanzia mezani kwa ofisa mwandikishaji, na asiyeridhika hukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Maamuzi ya ngazi hiyo hayachapishwi katika juzuu za hukumu, hayasomwi na wanasheria wa mjini wala kuchambuliwa na magazeti. Ngara ina historia inayozidisha wasiwasi. Aprili 1994 takriban watu robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kuwa watu wanne mashuhuri, wakiwamo mwandishi Jenerali Ulimwengu na mwenyekiti wa CCM mkoani Kagera, Anatoli Amani, si raia. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga iliwasaka wahamiaji haramu Kagera, Kigoma na Geita. Ikiwa mwenyekiti wa chama tawala wa mkoa mzima aliweza kuhojiwa uraia wake, mkulima wa Murusagamba asiye na cheti cha kuzaliwa ana kinga gani wakala wa chama chochote anapomwekea pingamizi?

Wako watakaosema kuwa rufaa zenyewe zinathibitisha upendeleo. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri la Bob Chacha Wangwe, iliondoa mamlaka ya wakurugenzi wa halmashauri kusimamia uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikairudisha, ikisema kiapo cha wasimamizi na tamko la kujitenga na chama ni kinga ya kutosha. Hoja hii ni nzito, na Juni 2023 Mahakama ya Afrika iliona kuwa kinga hizo hazitoshi. Lakini kukosea kwa sababu zilizoandikwa wazi ni tofauti na kuamua kwa hila: sababu zile ziliweza kusomwa, kupingwa na kupelekwa Mahakama ya Afrika, Arusha, kwa sababu zilikuwapo. Wengine watasema majaji huteuliwa na Rais ambaye pia ni mwenyekiti wa chama. Ni kweli, na utaratibu wa uteuzi unahitaji marekebisho. Walakini majaji wa Ndyanabo nao waliteuliwa hivyohivyo. Wapo pia wanaohofia wageni kujipenyeza kwenye daftari. Hofu hiyo ni halali, ila dawa yake ni ushahidi. Machi 2018, katika shauri la Anudo Ochieng Anudo, aliyenyang'anywa pasipoti na kufukuzwa nchini hadi akaishi kati ya mipaka, Mahakama ya Afrika iliweka wazi kuwa serikali ikimkana mtu iliyekwisha kumtambua kuwa raia, ni juu yake kuthibitisha.

Kenya inatoa funzo la karibu. Machi 2013 Mahakama ya Juu ilisikiliza malalamiko kuhusu daftari la wapiga kura na kuyatupa. Ikashutumiwa vikali kwa hukumu hiyo. Lakini hukumu ilichapishwa, ikachambuliwa, na Septemba 1, 2017 mahakama hiyohiyo, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ikafuta matokeo ya urais. Katiba ya 2010 iliacha mlango wazi, na mlango huo uliwapa hata walioshindwa sababu ya kurudi.

Tanzania ilitunga sheria mpya za uchaguzi mwaka 2024, na mwaka huo vituo vya kuandikisha vikafika hadi magerezani. Ni hatua njema, lakini zuio la Ibara ya 74(12) linahitaji kuondolewa, maamuzi ya pingamizi ya Mahakama za Wilaya yachapishwe pamoja na sababu zake, na anayempinga mwandikishwaji abebe mzigo wa kuthibitisha. Hapo ndipo mkazi wa Murusagamba, awe wa CCM au wa upinzani, ataweza kumpima hakimu kwa hoja zake, na shutuma ya upendeleo itathibitika au kuanguka kwa ushahidi.