Leseni ya mbwa: karne mbili za kodi, sumu na kisu cha daktari

Mwaka 1796 Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, nafaka ilikuwa haba, na serikali ya Waziri Mkuu William Pitt ilikuwa ikisaka fedha kila pembe. Ndipo John Dent, mbunge wa Lancaster, alipopeleka bungeni hoja ya kuwatoza kodi wafuga mbwa. Mbwa, alidai, wanaua kondoo, wanauma watu na kuwaambukiza kichaa, tena wanakula chakula ambacho kingewafaa maskini. Alichekwa hadi akabandikwa jina la Dent wa Mbwa, lakini kodi ikapita mwaka huohuo. Mwenye mbwa wa kuwinda alilipa zaidi. Maskini mwenye mbwa mmoja wa kawaida aliachwa.

Tangu hapo, miji iliyojaribu kumtungia mbwa sheria imezunguka maswali yaleyale matatu: huyu mbwa ni wa nani, nani alipe akileta madhara, na nani azuie asizaane kupita kiasi. Majibu yalianzia kwenye kodi, yakapitia kwenye sumu na mabanda ya kuulia, na leo yamefika kwenye meza ya upasuaji ya daktari wa mifugo.

Leseni iliyokosa wateja

Mwaka 1867 Bunge la Uingereza liligeuza kodi ile kuwa leseni: shilingi 5 kwa kila mbwa kwa mwaka. Mwaka 1878 ikapanda hadi shilingi 7 na peni 6, na hapo ikaganda kwa zaidi ya karne nzima. Vita vikuu viwili vilipita, bei za vitu zikapaa, ada haikuguswa. Sarafu mpya zilipoanza kutumika mwaka 1971 ikawa peni 37 na nusu, na nusu peni ilipoondolewa kwenye mzunguko ikabaki peni 37.

Kwa kiwango hicho ungetarajia kila mtu alipe. Haikuwa hivyo. Kufikia miaka ya 1980 karibu nusu ya wenye mbwa hawakuwa na leseni, na serikali ilikuwa ikitumia fedha nyingi zaidi kuikusanya ada kuliko ada yenyewe ilivyoingiza. Ikafutwa mwaka 1987.

Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Leseni ile haikumpa mwenye mbwa chanjo, haikumsaidia kumpata mbwa wake akipotea, wala haikumtofautisha aliyemtunza mbwa na aliyemwachia barabara. Ilikuwa risiti tu. Ireland Kaskazini, iliyobaki na leseni yake mpaka leo, ilichukua njia nyingine. Huko ada ya mwaka ni pauni 12.50, lakini mbwa aliyehasiwa au kufungwa kizazi hulipiwa pauni 5, na sharti mojawapo la leseni ni mbwa awe na kidude cha utambulisho chini ya ngozi.

Kichaa, waya na maji

Sheria za mbwa zilipata nguvu pale hofu ilipozidi tamaa ya mapato. Louis Pasteur alimchanja binadamu wa kwanza dhidi ya kichaa cha mbwa mwezi Julai 1885, lakini chanjo hiyo ilikuwa kwa mtu aliyekwisha kuumwa. Mbwa mwenyewe alibaki mtaani. Uingereza ikaamua kumfunga mdomo. Walter Long, aliyekuwa waziri wa kilimo kuanzia 1895 hadi 1900, aliamuru mbwa wa maeneo yenye ugonjwa wavishwe vizuizi vya waya mdomoni, na mbwa kutoka nje wawekwe karantini. Wapenda mbwa walimshambulia kwa barua na mikutano ya hadhara. Hata hivyo, mwaka 1902 nchi ilikuwa haina kichaa tena. Ugonjwa ulirudi mwaka 1918, mwishoni mwa vita, kwa mbwa walioingizwa kwa magendo, ukamalizwa upya mwaka 1922.

Kule New York, katika karne ya 19, wakamata mbwa walilipwa kwa kichwa, na penye malipo ya kichwa hapakosi wizi: mbwa waliibwa hata kwenye nyua za watu. Waliokosa kukombolewa walitiwa kwenye kizimba cha chuma na kuzamishwa katika mto East River. Henry Bergh, aliyeanzisha mwaka 1866 shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama linalojulikana kama ASPCA, aliupinga mtindo huo mpaka alipofariki mwaka 1888. Mwaka 1894 jimbo likalikabidhi shirika lake kazi ya kukamata mbwa na kuendesha leseni, na mapato ya leseni yakawa ya kuendeshea kazi hiyo. Kwa mara ya kwanza katika mji huo, fedha ya mwenye mbwa ilirudi kumhudumia mbwa. Malipo ya kichwa yakakoma, lakini kuua hakukukoma, kwa sababu chanzo kilikuwa hakijaguswa: mbwa na paka walizaliwa wengi kuliko nyumba za kuwapokea.

Madras yabadili mbinu

Mji ambao hesabu yake ya kuua inasimulika zaidi ni Madras, sasa Chennai, kusini mwa India. Manispaa yake ilianza kuua mbwa wa mitaani katika karne ya 19, chini ya Waingereza, na ikaendelea baada ya uhuru. Kwa maelezo ya Chinny Krishna, mmoja wa viongozi wa shirika la Blue Cross of India la mji huo, kufikia katikati ya miaka ya 1990 mbwa wapatao 135 walikuwa wakiuawa kila siku. Ngozi zilikuwa nyingi kiasi kwamba taasisi ya utafiti wa ngozi ilibuni tai na pochi za kutengenezwa nazo. Pamoja na yote hayo, mbwa mitaani hawakupungua na kichaa hakikuisha.

Sababu yake haihitaji shahada. Mbwa akiondolewa, jalala linabaki. Jalala likibaki, mbwa mwingine anahamia, na wale walionusurika wanapata chakula zaidi cha kulelea watoto. Blue Cross walikuwa wamependekeza tangu miaka ya 1960 kwamba mbwa wakamatwe, wahasiwe, wachanjwe, kisha warudishwe mtaa uleule walikotoka. Mbwa anayerudi hulinda eneo lake dhidi ya wageni, hazai, na haambukizi. Manispaa ilikubali mwaka 1996, na mwaka 2001 serikali ya India ikaifanya mbinu hiyo kanuni ya taifa zima.

Mjadala haujafungwa. Mwezi Agosti 2025 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mbwa wa mitaani wa Delhi wakusanywe na kuwekwa kwenye makao. Siku chache baadaye, amri ikalegezwa, na mbwa waliohasiwa na kuchanjwa wakaruhusiwa kurudishwa, isipokuwa wenye kichaa au wakali. Wazazi wa watoto walioumwa hawakuridhika, na huwezi kuwalaumu. Kanuni nzuri isiyo na madaktari wa kutosha, magari wala ukusanyaji wa taka hubaki karatasi.

Los Angeles: kutoka huduma hadi amri

Marekani ilifika kwenye kisu kwa njia ya wanyama wa majumbani. Makadirio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba mbwa na paka zaidi ya milioni 10 walikuwa wakiuawa kila mwaka katika makao ya wanyama ya nchi hiyo. Upasuaji wa kuzuia uzazi ulikuwepo, ila bei yake iliwashinda wengi. Mwaka 1971 jiji la Los Angeles likafungua kliniki ya umma ya kuhasi na kufunga kizazi kwa bei nafuu, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Madaktari binafsi walilalamika kwamba serikali inawanyang’anya wateja. Miji mingine ikaiga, na ada ya leseni ikagawanywa: aliyehasi mnyama wake alipe kidogo, asiyehasi alipe zaidi. Mjini New York leo tofauti hiyo ni dola 8.50 kwa 34.

Kisha zikaja amri. Kaunti ya San Mateo, jirani na San Francisco, ilipitisha mwaka 1990 sheria ya kwanza Marekani ya kulazimisha wanyama wahasiwe, kwa maeneo yaliyo nje ya miji yake. San Francisco yenyewe ililazimisha mbwa wa jamii ya pit bull wahasiwe baada ya mtoto wa miaka 12 kuuawa na mbwa mwaka 2005. Februari 2008 Meya Antonio Villaraigosa akatia saini sheria ya Los Angeles: mbwa na paka wote wahasiwe wanapofikisha miezi minne, isipokuwa wachache kama mbwa wa polisi, wa kuongoza vipofu, wa mashindano, na wenye sababu za kiafya. Mtangazaji wa televisheni Bob Barker, ambaye kwa miaka mingi alifunga kipindi chake kwa kuwaomba watazamaji wahasi wanyama wao, alikuwa miongoni mwa walioipigia debe.

Upinzani haukutoka kwa wafugaji wa kibiashara peke yao. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani hakiungi mkono sheria za kulazimisha, kikieleza kwamba mwenye mnyama anayeogopa kubanwa huenda akakwepa leseni, chanjo ya kichaa na hata daktari. ASPCA nayo imesema haijaona ushahidi wa kuaminika kwamba amri peke yake hupunguza mauaji kwenye makao. Jaribio la kuifanya amri hiyo sheria ya jimbo zima la California lilikwama katika Seneti mwaka huohuo wa 2008. Baadaye, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakachapisha matokeo yaliyohusisha kuhasi mapema na matatizo ya viungo kwa mbwa wa aina ya golden retriever, na umri wa miezi minne ukazidi kutiliwa shaka.

Anayefanikiwa hutoa kwanza

Mifano iliyoleta matunda zaidi ilianza upande wa pili, kwa kumpa mwenye mnyama kitu. Jimbo la New Hampshire liliongeza dola 2 kwenye leseni ya kila mbwa, na kuanzia mwaka 1994 fedha hizo zikalipia upasuaji wa wanyama wa watu wenye kipato kidogo. Katika miaka sita hivi, idadi ya wanyama waliouawa kwenye makao ya jimbo hilo ilishuka kwa takriban robo tatu. Hakuna aliyelazimishwa kuhasi. Aliyetaka lakini hakuwa na uwezo, alipewa uwezo.

Calgary, nchini Kanada, ilikwenda mbali zaidi. Chini ya mkurugenzi wake wa huduma za wanyama, Bill Bruce, na sheria ndogo ya mwaka 2006, mbwa mwenye leseni aliyekutwa anazurura aliweza kupelekwa nyumbani moja kwa moja badala ya kufungiwa. Mwenye leseni alipata punguzo kwenye maduka yaliyoungana na mji. Paka waliingizwa kwenye leseni mwaka 2007, na mapato yakasaidia kuwahasi bure wanyama wa familia zisizojiweza. Kuhasi si lazima, ila asiyehasi hulipa zaidi. Mbwa wapatao 9 kati ya 10 walisajiliwa, kiwango ambacho Uingereza ya peni 37 haikukaribia.

Afrika imetoa ushahidi wake. Mjini N’Djamena, mji mkuu wa Chad, wenye mbwa walipotakiwa kulipia chanjo ya kichaa, takriban robo tu ya mbwa ndio waliochanjwa. Kampeni za bure za 2012 na 2013 zilivuka asilimia 70, kiwango ambacho wataalamu wanakiona kinatosha kukata mnyororo wa maambukizi, na maambukizi yakasimama kwa miezi kadhaa mpaka kichaa kilipoingia tena kutoka nje ya mji.

Na huku kwetu?

Kenya ilithibitisha kisa chake cha kwanza cha kichaa cha mbwa mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Serikali ya kikoloni ilijibu kama ilivyojibu kwao: leseni, amri za kufungia, na mbwa wasio na mwenyewe kuuawa. Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, imeendelea kutumika baada ya uhuru, na katika miji mingi ya Afrika Mashariki nyama yenye sumu ilibaki kwa miaka mingi kuwa silaha ya kwanza ya halmashauri dhidi ya mbwa koko.

Kosa la silaha hiyo ni kudhani kwamba mbwa anayezurura hana kwao. Tafiti za vijijini Tanzania zimeonyesha kinyume chake: wengi wa mbwa hao wana wenyewe, ila hawafungwi. Ndiyo maana kampeni za chanjo kuzunguka Serengeti zilipoitisha watu walete mbwa, watoto walikuja wakiwavuta kwa kamba, na mbwa akaondoka na alama ya kola shingoni na cheti mkononi mwa mwenyewe. Kisiwani Pemba, ambako chanjo za pamoja zilianza mwaka 2010, kichaa kilimalizwa, kikarudi kutoka nje ya kisiwa, kikamalizwa tena. Kenya ilizindua mwaka 2014 mkakati wa kuumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030, na mbwa kuchanjwa kwa wingi ndiyo nguzo yake.

Cheti kile cha chanjo ndicho leseni inayofanya kazi, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Kimemtambulisha mbwa, kimemtaja mwenye mbwa, na mwenyewe amekifuata kwa hiari kwa sababu kina faida kwa watoto wake. Halmashauri inayotaka kuongeza huduma ya kuhasi imeshapata mahali pa kuanzia: foleni ileile, kitabu kilekile, daktari yuleyule akiwa na vifaa zaidi. Gharama yake si ndogo, maana upasuaji unahitaji dawa ya usingizi, chumba safi na muda, na wilaya nyingi zina madaktari wa mifugo wachache. Lakini sumu nayo hununuliwa kila mwaka, na mwaka unaofuata mbwa wako palepale.

Basi diwani atakayeletewa rasimu ya sheria ndogo ya mbwa, yenye ada kwenye kifungu cha tatu na faini kwenye cha tano, ana swali moja la kuuliza kabla hajanyosha mkono: mwananchi akifika ofisini na mbwa wake na ada yake, ataondoka na nini?